BIOS ya Kompyuta: Kubadili Mipangilio na Kuisasisha kwa Usalama

BIOS ni programu ya kwanza kufanya kazi kompyuta inapowashwa. Hukagua kumbukumbu, kibodi na diski, kisha huikabidhi kompyuta kwa mfumo endeshi kama Windows au Linux. Kompyuta za siku hizi zina mrithi wake, UEFI, lakini mafundi wengi wangali wanaiita BIOS.

Kuigusa BIOS kuna namna mbili, na hatari zake hazilingani. Kubadili mipangilio ni kuchagua upya ndani ya programu iliyopo. Kosa lake kwa kawaida hurekebishika. Kusasisha ni kuifuta programu yenyewe na kuandika nyingine ndani ya chipu ya ubao mama. Kazi hiyo ikikatika, kompyuta inaweza isiwake tena.

Kubadili mipangilio

Ukurasa wa mipangilio hufunguliwa kwa kubonyeza F2, Del, F10 au F1, kutegemea mtengenezaji, mara tu kompyuta inapowashwa. Kabla ya kubadili chochote, piga picha kila ukurasa kwa simu. Badilisha jambo moja, hifadhi, uone kama kompyuta inawaka sawasawa, ndipo uende kwa jingine.

Mpangilio wa diski ya kuanzia hauna madhara. Kubadili namna kompyuta inavyowasiliana na diski, kutoka RAID kwenda AHCI, kunaweza kuifanya Windows ishindwe kuwaka. Ikiwa hujafuta kitu, rudisha ilivyokuwa. Volti za prosesa usiziguse bila ujuzi, maana zikizidi huharibu kifaa chenyewe. Nenosiri la msimamizi nalo liandikwe mahali salama: kwenye laptopu nyingi halifutiki hata ukitoa betri ndogo ya ubao mama.

Kompyuta ya mezani ikigoma baada ya mabadiliko, ichomoe kwenye umeme, toa ile betri ndogo (CR2032) kwa dakika chache, kisha irudishe. Mipangilio mingi hurejea ya kiwandani.

Kusasisha

Sasisha kwa sababu inayojulikana: kuziba tundu la usalama, kuipokea prosesa mpya au kuondoa hitilafu. Mwaka 2024, kwa mfano, Intel ilitoa marekebisho ya volti kwa prosesa za Core za kizazi cha 13 na 14, na yaliwafikia watumiaji kupitia masasisho ya BIOS.

Hakikisha modeli kamili ya kompyuta au ubao mama, na toleo lililopo sasa. Pakua faili kutoka tovuti ya mtengenezaji pekee, na usome maelezo yake. Nakili kazi zako kwingine. Kama Windows inatumia BitLocker, yaani ulinzi unaofunga data ya diski kwa ufunguo, isimamishe kwa muda na uwe na ufunguo wake wa tarakimu 48, la sivyo diski inaweza kukufungia nje. Laptopu ichomekwe chaja na betri iwe imejaa; ya mezani iunganishwe na UPS, yaani kifaa cha umeme wa akiba. Kazi ikianza, usizime hata skrini ikiwa nyeusi kwa dakika kadhaa.

Ikishindikana, baadhi ya bodi zina chipu ya akiba au kitufe cha kuandika BIOS kutoka kwenye flashi. Zisizo navyo huhitaji fundi mwenye kifaa cha kuandikia chipu. Kwa hiyo njia ya kurudi nyuma ijulikane kabla ya kuanza, na pasipo umeme wa uhakika kazi iahirishwe.