Tarumbeta Zilizorudi Denver

Jumamosi, katika shule ya wavulana ya Alpha mjini Kingston, Jamaika, mtawa mmoja wa Kikatoliki alikuwa na kawaida ya kutoa santuri zake na kuwapigia watoto muziki. Jina lake Sista Mary Ignatius Davies. Alpha ilipokea yatima na wale walioshindikana nyumbani, na Masista wa Huruma waliwafundisha kazi za mikono. Bendi nayo ilikuwa kazi ya mikono kama useremala. Humo alipita Don Drummond na tromboni yake, Tommy McCook na Lester Sterling na saksafoni zao, Johnny Moore na tarumbeta. Mwaka 1964, miaka miwili baada ya uhuru wa Jamaika, wote wanne walikuwa ndani ya Skatalites, bendi ya ska.

Naanzia huko kwa makusudi. Miaka ya 1990, vijana wa Kikristo wa Marekani walipoanza kupiga ska, wengi walicheka, kana kwamba kanisa limevaa shati la kuazima. Kumbe shati lenyewe lilipigiwa pasi na masista.

Asiyeijua ska ahesabu hivi: moja-na, mbili-na, tatu-na, nne-na, kisha apige makofi kwenye "na" peke yake. Hapo ndipo gitaa lake linapokaa. Wahamiaji wa Karibiani waliuvusha mdundo huo hadi Uingereza, na mwaka 1979 The Specials wa Coventry, weusi kwa weupe, wakaupa hasira. Operation Ivy wa California wakauchanganya na panki mwishoni mwa miaka ya 1980. Muongo uliofuata, redio za Marekani zilijaa tarumbeta.

Five Iron Frenzy walizaliwa Denver, Colorado, mwaka 1995. Kadhaa wao walitoka kwenye bendi ya metali iliyoitwa Exhumator, ambako tarumbeta haina kazi. Jina jipya lilitokana na utani kuhusu fimbo ya gofu, na utani haukuwaacha tena. Walikuwa wanane, Reese Roper akiimba, na albamu yao ya kwanza ilitoka 1996. Kulikuwa na bendi nyingine za Kikristo za mtindo huo, O.C. Supertones wakiwa mbele kwa umaarufu, lakini mimi huwarudia hawa wa Denver kwa sababu ya wimbo mmoja wa mwaka 1997, "Banner Year".

Jina hilo lina ncha mbili. Kwa Kiingereza ni mwaka wa neema, na papo hapo ni mwaka wa bendera. Bendera yenyewe ni ile ambayo Black Kettle, chifu wa Wacheyenne, aliipandisha juu ya hema lake kule Sand Creek, Colorado, Novemba 29, 1864: bendera ya Marekani, na chini yake kitambaa cheupe. Askari walifyatua risasi hivyo hivyo. Waliouawa walikuwa zaidi ya 200, wengi wao wanawake, watoto na wazee. Aliyewaongoza askari hao, Kanali John Chivington, alikuwa mhubiri wa Kimethodisti. Sasa fikiria vijana wa jimbo hilohilo, wa dini hiyohiyo, wakiyaleta mauaji hayo kwa mdundo wa kuchezeka mbele ya vijana wenzao wa kanisani. Mahubiri mengi hayathubutu hivyo.

Mtindo ulipopoa, nao wakachoka. Novemba 22, 2003 walipiga onyesho la kuagana katika ukumbi wa Fillmore, Denver. Sista Ignatius alikuwa amefariki Februari mwaka huohuo.

Miaka minane baadaye, Novemba 22, 2011, walitangaza kurudi na kupitisha kofia kwenye mtandao wa Kickstarter. Waliomba dola 30,000. Zikapatikana chini ya saa moja. Mchango ulipofungwa, kapu lilikuwa na dola 207,980. Harambee hiyo ilikuwa ya vijana wa kanisani wa zamani, ambao sasa walikuwa na mishahara. Hapakuhitajika kampuni ya kurekodi ya Kikristo, wala duka la vitabu vya dini la kukagua mashairi kabla ya kuyapanga rafuni.

Albamu, "Engine of a Million Plots", ilitoka Novemba 2013. Anayetafuta ska ya kurukaruka tangu mwanzo hadi mwisho atanung'unika: magitaa yamekuwa mazito, tarumbeta zinasubiri zamu yake. Kwangu ndiyo kazi yao bora. Scott Kerr, aliyekuwa ameondoka 1998, alirudi, safari hii akipiga besi, na mkono wake katika utunzi unasikika. Utani upo bado, nyati wenye pembe moja wakicheza vitani kwa vimetameta, lakini pembeni yake kuna "Zen and the Art of Xenophobia", inayowachekea wapenda bunduki na wachukia wageni kwa meno makali.

Wakati huo baadhi ya wanabendi hawakuwa waumini tena, na hawakuficha. Roper alibaki na imani yake. Hawakuandika tangazo la imani la pamoja, wala hawakugawana nyimbo, hizi za wanaosali na zile za wasiosali. Roper aliimba, nyuma yake wapulizaji wakaingia wote kwa pamoja, kwenye "na".