Sauti Nzito ya Mti wa Nyika

Mpenzi wa okestra huko Ulaya anaweza kuzeeka asiione obo ya besi jukwaani hata mara moja. Ni dada mkubwa wa obo: juu ana mrija wa chuma uliopinda, chini mdomo uliovimba kama kibuyu. Hupulizwa kupitia vipande viwili vyembamba vya tete vilivyofungwa pamoja, kwa namna ileile ya zumari ya Pwani, lakini sauti yake huzama oktavu nzima chini ya obo ya kawaida. Karakana ya Triebert, Paris, iliunda ala za aina hii katika karne ya 19, na mwaka 1889 fundi Lorée akaipa umbo la kisasa. Mtunzi Holst aliiandikia sehemu katika The Planets. Waliomfuata ni wachache.

Ina mpinzani: heckelphone, iliyobuniwa na Wilhelm Heckel wa Biebrich, Ujerumani, mwaka 1904. Mwaka uliofuata Richard Strauss aliitumia katika opera ya Salome. Zilizotengenezwa ni kama 150 tu. Hiyo tuwaachie wenyewe, maana mwili wake ni mbao ya maple. Obo ya besi ndiyo yenye undugu na sisi, kwa kuwa mara nyingi huchongwa kwa mpingo.

Mpingo hauoti juu Kibosho wala Marangu, kwenye vihamba vya migomba na kahawa. Ni mti wa nyika kavu, kule chini kunakounguza. Ukikata gogo lake unakuta kwanza ukanda wa mbao nyeupe yenye umanjano, halafu ghafla moyo mweusi wenye wekundu wa zambarau. Kitupe kipande cha moyo huo majini, kitazama. Ncha za vipande hupakwa nta ili zisipasuke, kisha vinaachwa vikauke polepole kabla fundi hajathubutu kuvitoboa. Wazungu wa ala wanauita grenadilla, jina ambalo mchongaji wa Kimakonde hana haja nalo.

Shida ni umbo la mti wenyewe. Kushuka oktavu moja kunataka bomba la hewa refu mara mbili, kwa hiyo besi inadai vipande virefu, vilivyonyooka, visivyo na kifundo wala ufa. Na mpingo ni mti wa kujipinda, wenye shina la migongo na mabonde. Miti mingi mikubwa hutoa mbao kidogo mno inayofaa ala. Tena hukua taratibu: huchukua miaka 70 hadi 100 kufikia unene wa kuvunwa.

Mtu aliyelitazama jambo hili kutokea Moshi ni Sebastian Chuwa, mzaliwa wa Kibosho, mtaalamu wa mimea aliyekuwa ametumikia Ngorongoro. Filamu moja kuhusu mpingo, Chuwa akiwemo, ilimfikia James Harris, mkerezaji wa mbao wa Texas, akamtafuta. Mwaka 1996 wakaanzisha African Blackwood Conservation Project. Kazi ilikuwa ya udongo na ndoo: vitalu vya miche, shule, vikundi vya akina mama. Mwaka 2002 Chuwa alitambuliwa na Tuzo za Rolex, na ilipofika 2004 miche ya aina mbalimbali waliyopanda ilikuwa imefika milioni moja. Alifariki mwaka 2014.

Sheria nazo zilikuja. Tangu Januari 2017 mpingo, pamoja na karibu jamii yote ya Dalbergia, umo kwenye orodha ya pili ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya viumbe vilivyo hatarini, na kuuvusha mpaka kunataka kibali. Mwaka 2019 ala zilizokwisha kutengenezwa zikaondolewa sharti hilo. Hivyo obo inavuka mpaka bila kibali, gogo halivuki. Naona ni haki.

Mche uliopandwa chini ya Moshi mwaka 1996, ukiponea mbuzi na shoka, hautafaa kwa obo ya besi kabla ya mwaka 2066.