Kwinini na Klorokwini: Historia Iliyomo Katika Silabi

Majina ya kampaundi za kemia hayajapewa nafasi ya kutosha katika uchunguzi wa maneno ya mkopo. Katika makala haya nitashughulikia moja, kwinini, pamoja na mdogo wake klorokwini.

Pelletier na Caventou walipoitenga kwinini katika gome la mti wa sinkona mjini Paris, mwaka 1820, waliipa jina litokanalo na quina, neno la Kihispania lenye asili ya Kikechua. Mhispania hutamka ki-na. Mfaransa naye husema ki-nin. Ni Mwingereza aliyeisoma ile qu kwa desturi ya tahajia yake akapata kwi. Basi silabi ya kwanza ya neno letu yatuambia lilikopitia.

Ushahidi wa pili uko Rwanda na Burundi, ambako watawala wa Kibelgiji walitumia Kifaransa (Wajerumani waliowatangulia nao hawakuwa na kw katika jina hili). Huko kidonge chochote ni ikinini, wingi ibinini. Yaelekea silabi ki ilisikika kama kiambishi cha ngeli, neno likajipatia wingi na maana pana zaidi. Kwi haikupata bahati hiyo, maana Kiswahili hakina kiambishi cha umoja cha namna hiyo.

Nimewahi kukuta wanafunzi wakikata ku-i-ni-ni. Hilo ni kosa: kw hapa ni mwanzo wa silabi moja, kama katika kwikwi. Irabu ya mwisho nayo imeongezwa ili silabi isifungwe. Mkazo huangukia ni ya kwanza, sawasawa na katika "kwa nini", na mzaha wa wagonjwa juu ya mfanano huo hauhitaji maelezo.

Klorokwini, iliyoundwa Ujerumani na Hans Andersag mwaka 1934, yatudhihirishia zaidi. Mwingereza ana silabi tatu na mkazo mwanzoni. Sisi tuna nne, klo-ro-kwi-ni, na mkazo ni juu ya kwi. Mwalimu wa sayansi anayemlazimisha mtoto kukaza klo, eti ndiyo kemia, anamfundisha Kiingereza. Kl yenyewe bado ni ngeni. Klabu lilipata mwenzake kilabu, lakini neno hili la hospitali na maandishi limeshikilia konsonanti zake.

Kenya iliacha kuitegemea klorokwini kama tiba ya kwanza ya malaria mwaka 1998. Jina lingali vinywani mwa wazee, na mkazo wake u pale pale penye kwi.