Anayefukuzwa kwa Neno la Rangi, na Asiyefukuzwa

Mei 8, 2019, Danny Baker, mtangazaji wa siku nyingi wa BBC Radio 5 Live, aliweka Twitter picha ya zamani ya mwanamume na mwanamke wakiwa na sokwe aliyevishwa nguo, na chini yake akaandika kwamba mtoto wa kifalme anatoka hospitali. Mtoto mwenyewe alikuwa Archie, mwana wa Prince Harry na Meghan, na mama mzazi wa Meghan ni Mmarekani mweusi. Kesho yake kibarua cha Baker kiliota nyasi. Alikuwa ameshaifuta picha na kuomba radhi, akisema suala la rangi halikumjia akilini. BBC haikutaka kusikia zaidi.

Ukisikia habari hiyo ukiwa Bariadi, unaweza kudhani ni ya Wazungu na wafalme wao. Lakini hata sisi wa Kanda ya Ziwa tuna historia yetu ya redio na neno la rangi, ambalo huku kwetu halitengani na neno la kabila. Na yetu ni chungu zaidi.

Redio ya RTLM ya Kigali ilianza kurusha matangazo Julai 1993, mwaka uleule ambao Bunge letu lilipitisha Sheria ya Huduma za Utangazaji na kuwafungulia watu binafsi mlango wa kumiliki redio. Watangazaji wa RTLM walikuwa wacheshi. Walipiga muziki mzuri na kuongea kama vijana wa kijiweni, na katikati ya vicheko hivyo wakawaita Watutsi mende. Mwishoni mwa Aprili 1994, mauaji ya kimbari yakiendelea Rwanda, watu wapatao 250,000 walivuka daraja la Rusumo kuingia Ngara ndani ya saa 24. Miaka tisa baadaye, Desemba 2003, mahakama ya kimataifa iliyokuwa Arusha, ng'ambo tu ya Serengeti ukitokea huku Simiyu, iliwatia hatiani waasisi wawili wa redio hiyo, Ferdinand Nahimana na Jean-Bosco Barayagwiza, pamoja na Hassan Ngeze wa gazeti la Kangura. Kabla yao, mtangazaji Mbelgiji wa RTLM, Georges Ruggiu, alikuwa amekiri kosa na kufungwa miaka 12. Hofu iliyomo katika kanuni za maudhui za ukanda wetu ilitoka huko, na ina haki ya kuwepo.

Ila hofu ya haki nayo huazimwa na wenye nguvu. Septemba 2009, ghasia zilipozuka Kampala baada ya Kabaka wa Buganda kuzuiwa kwenda Kayunga, serikali ya Uganda iliifunga redio ya CBS kwa madai ya uchochezi, ikabaki kimya zaidi ya mwaka mmoja. Kalundi Serumaga, aliyekuwa na kipindi chake Radio One, alimsema Rais Museveni kwenye televisheni ya WBS kwamba hakulelewa vizuri. Alikamatwa akitoka studio, akapigwa, akashitakiwa kwa uchochezi, na kazi ya redio ikaishia hapo. Agosti 2010 Mahakama ya Katiba ilikifuta kifungu chenyewe cha uchochezi. Mtu alipoteza kazi kwa kumsema rais, na waliomtoa walijificha nyuma ya kivuli cha Rwanda. Hilo ni tusi kwa waliokufa Rwanda.

Tanzania ilianza kuukataa ubaguzi mapema kuliko wengi. Wasukuma walikuwa na sababu ya kuwa na hasira ya rangi: pamba yao ilipimwa na kununuliwa na wafanyabiashara wa Kiasia, na wakulima waliona wazi wakipunjwa kwenye mizani. Jibu la Paul Bomani na wenzake lilikuwa ushirika, uliokuja kuunganishwa mwaka 1955 kuwa Victoria Federation. Oktoba 1961, wabunge walipotaka uraia uwe wa Mwafrika peke yake, Nyerere alikasirika mbele ya Bunge na kutishia kujiuzulu. Msimamo huo umeingia hata kwenye Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, ambayo vifungu vyake vya 17 na 18 vinakataza maandishi na matusi ya kibaguzi. Kwa hiyo mtangazaji wa leo hata akiwa nyumbani, anaandika kwa simu yake mwenyewe, sheria inamhusu.

Pamoja na hayo, kinachomtoa mtangazaji kazini haraka zaidi ni pesa. Machi 2021 watangazaji watatu wa Homeboyz Radio ya Nairobi walifukuzwa kwa kumkejeli msichana aliyedaiwa kusukumwa kutoka ghorofani. Kosa lao halikuwa la rangi, lakini njia ilikuwa ileile: mitandao iliwaka, kampuni ya bia ikaondoa udhamini wake, ndipo mwajiri akawafukuza.

Sasa niseme la kwetu. Kwa miaka mingi Msukuma amekuwa mshamba wa kuchekwa katika vichekesho vya redio na video za simu: lafudhi yake, ng'ombe wake, mshangao wake akifika mjini. Tukilalamika tunaambiwa ni utani. Utani ninaoufahamu una wenyewe. Mtani wako anakujua, anakuja msibani kwako akakutania mbele ya maiti, na kesho wewe unamrudishia. Anayemchekesha mdhamini wake Dar es Salaam kwa jina la Msukuma hana undugu huo na mtu yeyote wa Itilima, na hakuna wa Itilima mwenye maikrofoni ya kumrudishia.

Na sisi tusijifanye watakatifu. Wapo Wataturu na Wahadzabe wanaoishi Meatu, na maneno tunayowasema kwenye minada na magenge yetu tunayajua. Redio za mkoa wetu bado ni changa, na Simiyu yenyewe ilifanywa mkoa mwaka 2012 tu. Mhariri wa Bariadi au Maswa anaweza kumzuia mtangazaji wake leo, kabla TCRA, mdhibiti wa utangazaji, haijaandika barua na kabla mdhamini hajakunja uso, kwa sababu tu Mhadzabe naye anasikiliza.