Kwa nini mama mzima huzaa mtoto anayedhuriwa na hina

HINA na vidonge vya nafthalini vya kuzuia nondo ni vitu vya kawaida majumbani, iwe Zuzu mkoani Dodoma au Dar es Salaam. Hata hivyo, kwa mtoto mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD, kemikali zake zaweza kupasua chembe nyekundu za damu.

Jeni ya kimeng'enya hicho imo katika kromosomu ya X. Mwanamke anazo mbili. Mwaka 1961, Mary Lyon wa Uingereza alieleza kuwa moja huzimwa katika kila seli, mimba ingali changa. Kromosomu hiyo hujikunja, na kemikali ya methili iliyojibandika kwenye DNA huendelea kuinyamazisha.

Kwa kuwa huzimwa yoyote kati ya hizo mbili, mama mwenye jeni moja yenye kasoro huwa na chembe za aina mbili, nzima na dhaifu. Mara nyingi haugui. Mwanawe wa kiume akiirithi hana X nyingine ya kumsaidia.

Mkojo mweusi, macho ya njano na uchovu ni dalili za kumwahisha hospitali.