HOJA YA UCHAGUZI NA HITIMISHO LAKE

Mabishano juu ya uchaguzi nchini Uganda hayakuanza jana. Yalikuwapo kabla ya Uhuru, yakaendelea baada yake, na zaidi ya mara moja yameishia katika umwagaji wa damu. Hoja za kutaka uchaguzi urekebishwe zimetolewa na vyama, na mahakama, na wananchi wa kawaida. Lakini jambo linalompasa kila askari, awe wa jeshi au wa polisi, kulitafakari ni hili: hoja hizo zilihitimishwa vipi, na nani aliyezihitimisha?

Katika uchaguzi wa Machi 1961, watu wengi wa Buganda walisusia kura kwa wito wa Mengo. Chama cha DP cha Benedicto Kiwanuka kilipata viti 43 na UPC viti 35, ingawa UPC ilipata kura nyingi zaidi katika nchi nzima. Palizuka hoja nzito kuhusu uwakilishi wa Buganda. Hitimisho lake lilikuwa kwamba mwaka 1962 wabunge wa Buganda walichaguliwa na Lukiiko, si na wananchi moja kwa moja. Mapatano hayo ya wakubwa yaliiwezesha UPC na Kabaka Yekka kuunda serikali iliyopokea Uhuru tarehe 9 Oktoba 1962, lakini hayakuwa kanuni ya taifa zima. Kabla ya miaka minne kutimia, waliopatana walikuwa maadui, na Mei 1966 jeshi likatumwa kuivamia Lubiri. Tangu Aprili 1962, Waganda hawakupiga kura ya uchaguzi mkuu tena hadi Desemba 1980.

Katikati ya miaka hiyo ilitolewa hoja nyingine. Mwaka 1970 Rais Milton Obote alipendekeza kwamba kila mgombea ubunge aombe kura katika majimbo manne: moja la kwao, na matatu katika sehemu nyingine za nchi. Kusudi lililotajwa lilikuwa kuvunja siasa za ukabila. Wako waliounga mkono na wako waliopinga, kama ilivyo haki ya watu kubishana. Lakini si wananchi wala Bunge waliotoa uamuzi wa mwisho. Tarehe 25 Januari 1971 Idi Amin alitwaa serikali kwa nguvu za jeshi, na mpango huo ukafa bila kujaribiwa. Kwa miaka minane iliyofuata, nchi haikuulizwa imchague nani.

Funzo kubwa zaidi ni lile la mwaka 1980. Vyama vinne, UPC, DP, UPM na CP, vilishindana chini ya Tume ya Kijeshi iliyoongozwa na Paulo Muwanga. Kabla ya kura, DP ilidai liwepo sanduku moja la kura kwa wagombea wote, ikihofia kwamba kila chama kikiwa na sanduku lake hila zitakuwa rahisi. Dai hilo halikukubaliwa. Wananchi walijipanga kwa subira tarehe 10 Desemba, na kwa sababu ya ucheleweshaji upigaji kura ukaendelea hadi tarehe 11. Siku hiyo hiyo Muwanga alitoa amri kwamba mtu yeyote asitangaze matokeo bila idhini yake. Adhabu ilikuwa faini ya shilingi 500,000 au kifungo cha hadi miaka mitano. UPC ilitangazwa mshindi, DP ikapewa viti 51, na UPM kiti kimoja.

Waangalizi wa Jumuiya ya Madola waliuona uchaguzi huo kuwa halali kwa jumla, pamoja na kasoro zake. Hata hivyo, mamilioni waliopiga kura walijua kwamba neno la mwisho lilikuwa limewekwa mkononi mwa mtu mmoja. Tarehe 6 Februari 1981 kundi dogo lenye bunduki 27 lilishambulia kambi ya Kabamba. Vita vilivyofuata, vilivyoiacha Luwero na mafuvu ya watu wake, vilidumu mpaka Januari 1986.

Ndipo jibu la hoja ya 1980 lilipoandikwa. Ibara ya 68 ya Katiba ya mwaka 1995 inaagiza kila kituo kiwe na sanduku moja kwa wagombea wote. Kura zihesabiwe kituoni hapo hapo mara upigaji unapofungwa, mbele ya wagombea au mawakala wao. Fomu ya matokeo itiwe saini na nakala zake zitunzwe. Na msimamizi wa kituo atangaze matokeo papo hapo. Ibara hiyo haiishii katika kutamani uchaguzi mwema. Inataja tendo, mahali, wakati na mtu wa kulitenda.

Wahenga walisema, fimbo ya mbali haiui nyoka. Katika kesi za kupinga uchaguzi wa rais za mwaka 2001 na 2006, majaji wa Mahakama ya Juu walikubali kwamba sheria ilikiukwa, lakini kwa wingi mdogo, watatu kwa wawili na kisha wanne kwa watatu, walikataa kuufuta uchaguzi. Mashauri waliyotoa kuhusu marekebisho kwa sehemu kubwa hayakufuatwa. Mwaka 2016 mahakama hiyo iliitupa kesi ya Amama Mbabazi kwa kauli moja, lakini safari hii ilihitimisha kwa namna nyingine: iliorodhesha marekebisho, ikamtaja Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuwa mwenye kuyashughulikia, ikampa miaka miwili kutoa taarifa. Utekelezaji ulikawia, wala haukutimia wote. Mahakama ilipendekeza siku za kuamua kesi ziongezwe kutoka 30 hadi angalau 60. Mabadiliko ya Katiba yaliyopitishwa Desemba 2017 yakatoa 45. Lakini mara hii palikuwa na jina na tarehe, na kila raia aliweza kuuliza kilichofanyika na kilichosalia.

Katiba hiyo hiyo, katika Ibara ya 208, inataka jeshi la taifa lisifungamane na chama chochote na liwe chini ya mamlaka ya kiraia. Polisi nao wamekabidhiwa kulinda maisha na mali za watu wote. Kwa hiyo askari aliyesimama karibu na kituo cha kura jioni, wakati karatasi zinahesabiwa kwa sauti, hana hoja ya kuhitimisha. Kazi yake ni kuhakikisha kwamba wakala hafukuzwi, sanduku haliguswi, na fomu iliyotiwa saini inafika inakopelekwa. Mwaka 1971 na mwaka 1980 neno la mwisho lilichukuliwa na wenye silaha, na waliolipa gharama yake ni wananchi, pamoja na askari wenyewe waliokufa bila hesabu. Neno hilo ni la mpiga kura, na bunduki ya taifa ipo ili limalizike kusemwa.