Pesa za Matibabu: Anayeamua na Anayelipa

Leo tuzungumzie pesa za matibabu zinazokatwa kwenye mshahara. Mwenye kazi nyumbani akikatwa, hata sufuria ya watoto inajua. Tujifunze kutoka kwa wachimbaji wa makaa ya mawe wa Marekani.

Miaka ya 1920 na 1930, katika milima ya Kentucky na West Virginia, vijiji vingi vilikuwa mali ya kampuni za makaa. Nyumba ni ya kampuni, duka ni la kampuni, na daktari amechaguliwa na kampuni. Lakini aliyemlipa daktari ni mchimbaji mwenyewe. Pesa zilikatwa kila mwezi kabla hajashika mshahara. Mara nyingi mama alipojifungua, familia ilitozwa malipo mengine kando.

Daktari akiwa hafai, wangefanya nini? Mwajiri mwingine hakuwepo karibu, na kuacha kazi kulimaanisha kutoka kwenye nyumba. Mwajiri akiwa peke yake, yeye anaamua, wewe unalipa.

Mwaka 1946 wachimbaji wapatao 400,000 waligoma, wakiongozwa na John L. Lewis. Serikali ilichukua migodi, na mwezi wa Mei mapatano yakatiwa sahihi: kila tani ya makaa itoe senti 5 kwa mfuko wa wafanyakazi na jamaa zao. Mzigo wa mfuko huo uliwekwa kwenye makaa, si kwenye mshahara. Mwaka 1956 mfuko huo ulifungua hospitali 10. Soko la makaa lilipodhoofika, fedha zilipungua, na katika miaka ya 1960 hospitali hizo zikatolewa kwa wengine.

Hapa Kenya, tangu Oktoba 2024, mfanyakazi wa mshahara hukatwa asilimia 2.75 ya mshahara wake wote kwa bima ya afya ya jamii. Mwajiri halazimiki kuongeza chake. Wajibu wake ni kukata na kuwasilisha. Asipowasilisha, anayeumia ni mgonjwa aliye hospitalini.

Kwa hivyo, mama, soma karatasi ya mshahara kila mwezi. Uliza katika ofisi ya SHA kama pesa zimefika, kabla mtoto hajaugua. Zikiwa hazijafika, mwenye kazi aulize pamoja na wenzake. Sauti moja hufukuzwa kwa urahisi. Sauti nyingi husikilizwa.